Kupitia kwa

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia dukani kwangu na barua ya kuomba uhamisho. Alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, akataka niipige taipu vizuri. Anwani yake juu mkono wa kulia, anwani ya mwajiri chini yake mkono wa kushoto, kisha ngazi tatu kwa herufi kubwa. KUPITIA KWA mwalimu mkuu. KUPITIA KWA afisa wa elimu wa kaunti ndogo. KUPITIA KWA mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Ombi lenyewe lilikuwa mistari minne.

Nikamwuliza, "Mwalimu, hii itafika lini?"

"Ikifika nitakuwa nimeshastaafu," akasema, akalipa hamsini bob zake akaenda.

Nina saiba ndogo Makadara, hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo, kompyuta tano na mashine mbili za fotokopi, na mojawapo ni mgonjwa wa kudumu. Wateja wangu wengi hawaji kutazama intaneti. Wanakuja na shida inayohitaji karatasi: kitambulisho kilichopotea, mtoto anayetafuta basari, kibali cha mazishi, mzozo wa plot. Nimegonga KUPITIA KWA mara nyingi hata kompyuta ya kwanza karibu na mlango inamalizia yenyewe nikiandika KUP.

Maneno hayo yana ukoo, na ukoo huo ninaujua kwa sababu babu yangu alilipwa mshahara kuyabeba kwa miguu.

Babu alikuwa tarishi wa boma la Machakos, yaani afisi za serikali ya kikoloni, baadaye mkalimani. Sanduku lake la bati liko chini ya kaunta yangu pamoja na katriji za wino. Ndani mna kile kijaluba cha chuma cha kutilia kipande (kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni), kilichoning'inia shingoni mwake ujana wake wote. Mna risiti za kodi zilizofungwa kwa uzi wa katani, na beji ya shaba ambayo mpwa wangu aliwahi kuniomba aivae kwenye tamasha la shule nikakataa. Kipande chenyewe kimechakaa mikunjoni, ila alama za vidole na maandishi bado yanasomeka: jina, kabila, mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu vita vilipokwisha, na ilimhusu kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu.

Mzee hakuwa msemaji, lakini akishapata uji wake wa jioni ungeweza kumchokoza kidogo kuhusu "silikali", kama tunavyoitamka Kikamba. Alisema alipoanza kazi barua ilibanwa kwenye ncha ya fimbo iliyopasuliwa ili jasho la mkono lisiharibu wino. Na alisema hivi: amri ilikuwa inateremka kama maji ya milima ya Iveti wakati wa mvua, na maneno yetu yalikuwa yanapanda kama punda mwenye mzigo.

Nilipokuwa mdogo nilidhani analalamikia umri. Siku hizi naona alikuwa akieleza muundo wa serikali.

Juu kabisa alikuwa Mfalme, ambaye hakusoma barua za Machakos. Chini yake, London, alikaa Waziri wa Makoloni, na hata huyo hatukuwa wake tangu mwanzo. Mwanzo tulikuwa chini ya kampuni: Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme 1888 ituendeshe kama duka. Duka likashindwa kujilipa, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikalichukua na kutangaza himaya, tukawekwa chini ya wizara yao ya mambo ya nje. Ni 1905 ndipo tulipopelekwa kwa wizara ya makoloni. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa koloni, isipokuwa ule ukanda wa maili kumi wa Pwani, uliobaki mali ya Sultani wa Zanzibar kwenye karatasi na bendera yake ikipepea Fort Jesus. Ndiyo maana jina rasmi likawa refu vile: Koloni na Himaya ya Kenya.

Nairobi alikaa Gavana, katika jumba ambalo leo ni Ikulu. Alikuwa na halmashauri ya wakuu wa idara ya kumshauri, na alikuwa na Katibu Mkuu, mtu ambaye kila faili ilipita mezani pake. Mkuu wa Kilimo, mkuu wa Tiba, mkuu wa Kazi za Umma, wote walimwandikia Gavana kupitia kwa Katibu Mkuu. Gavana naye akamwandikia Waziri. London ilitaka jambo moja kuliko yote: koloni ijilipie. Hadi 1912 hazina yao ilikuwa ikitia pesa kuziba pengo la bajeti yetu, na haikupenda. Ukilijua hilo, kodi ya nyumba ya 1901 na kodi ya kichwa ya 1910 zinaeleweka haraka zaidi kuliko hotuba zote za ustaarabu.

Chini ya Gavana wakaja wakuu wa majimbo, maPC. Hapo mwanzo majimbo yalikuwa manne: Seyyidie, Tanaland, Jubaland na Ukamba. Mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa upande huu, kwa hiyo kuna watu wa Kisumu waliolala Uganda wakaamkia nchi nyingine bila kutoka kitandani. Mipaka ilikuwa kazi ya kalamu.

Halafu DC, mkuu wa wilaya. Kwa babu, serikali nzima ilikuwa DC. Waliobaki juu yake walikuwa uvumi. Bwana Disii alikuwa hakimu: alikupeleka jela. Alikuwa mkusanyaji kodi, na sefu ya pesa ilikuwa afisini kwake. Aliwaamuru askari kanga, wale askari wa utawala, alisimamia gereza, alichora barabara na kuamua nani ataichimba. Aliandika ndoa, alipima mvua. Ukitaka kukata rufaa dhidi ya baraza la wazee, rufaa ilienda kwake. Mwaka 1924 sheria ilipoanzisha mabaraza ya wenyeji wilayani, mwenyekiti wa baraza akawa DC huyo huyo, kwa hiyo ukiwa na malalamiko juu ya DC uliyatoa mbele ya DC, naye akayaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Mpwa wangu anayesoma sheria huniambia kuhusu mgawanyo wa mamlaka: bunge huku, mahakama kule. Wilayani Machakos mgawanyo ulikuwa kati ya meza na kabati.

Na hawa watu walikuwa wachache ajabu. Wilaya nzima unaweza kukuta DC mmoja na maDO, wasaidizi wake, wawili watatu, tena wakihamishwa kila baada ya muda mfupi, kila mmoja akimwachia mwenzake ripoti ya makabidhiano kueleza chifu yupi mlevi na yupi wa kutegemewa. Iliyobaki ilifanywa na watu weusi: makarani, matarishi, askari, wakalimani, machifu. Tunapenda kusema "Wazungu walitutawala", na ni kweli, lakini mkono uliogonga mlango alfajiri ukidai kodi ulikuwa mweusi. Nalisema nikiwa mjukuu wa mmoja wao.

Kuhusu ukalimani kuna kisa kimoja kinachorudiwa nyumbani kila Krismasi. Maofisa walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, basi kuna DC kijana aliyefika na Kiswahili cha kitabuni, kirefu, chenye adabu. Akasimama barazani akazungumza karibu nusu saa juu ya mmomonyoko wa udongo, manufaa ya matuta na upendo wa Mfalme kwa raia zake. Akamaliza, akamgeukia babu atafsiri. Babu akawaambia wazee kwa Kikamba, "Anataka mchimbe. Amekasirika kidogo." Wazee wakaitikia kwa kichwa. DC akafurahi kwamba lugha ya Kikamba ni fupi na yenye nguvu.

Ngazi ya mwisho ilikuwa chifu, na hapo ndipo Waingereza walipopata taabu kwetu. Uganda walimkuta Kabaka na baraza lake la Lukiiko, wakatia saini mkataba mwaka 1900 na kutawala kupitia kwake. Pwani waliwakuta maofisa wa Sultani, liwali, mudiri na kadhi, wakawaacha vitini. Kwa Wawanga, huko magharibi, walimkuta mfalme wao, Nabongo Mumia. Ukambani walikuta nini? Utui, yaani kijiji, wenye wazee wake wa nzama, baraza lao, waliokaa chini ya mti na kubishana mpaka wakubaliane, na utui wa pili haukuwa na habari nao. Hapakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Sheria ya 1902 ikampa serikali uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji, na ile ya 1912 ikawaongezea meno: kuzuia pombe, kutoa watu wa kazi ya barabara, kukamata. Aliyeteuliwa mara nyingi alikuwa yule aliyekuwa karibu. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyepanda hadi kuwa chifu mkuu wa Wakikuyu wa Kiambu, alianza kwa kuongoza misafara na kuwatumikia Wazungu wa Fort Smith huko Kabete. Simlaumu. Ajira ni ajira. Lakini chifu wa namna hiyo nguvu zake zilitoka juu, hivyo macho yake pia yalitazama juu.

Legco, baraza la kutunga sheria la koloni, nitaipitia haraka, kwa sababu watu wa babu waliipitia haraka, au tuseme iliwapita. Ilikaa mara ya kwanza 1907, Wazungu watupu. A. M. Jeevanjee, yule mwenye bustani, ndiye Mhindi wa kwanza kuteuliwa. Mwaka 1920 walowezi wakapata viti 11 vya kuchaguliwa. Mwafrika aliwakilishwa na mmisionari kuanzia 1924, Dakta Arthur, na alingoja hadi 1944 kumwona Eliud Mathu akiingia mwenyewe, kwa kuteuliwa. Kura ya kwanza ya Mwafrika ilipigwa Machi 1957, na viti vilikuwa vinane. Nairobi nayo ilikuwa na utawala wake wa pembeni, kamati ya manispaa tangu 1900 na jiji kamili 1950, ambamo mtu mweusi alihesabiwa mgeni aliyekuja kufanya kazi na kurudi kwao. Babu alikuja mara mbili tu akalala Pumwani kwa jamaa. Alisema mji una kelele.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Ukitazama siasa za nchi hii zilivyoanza, karibu kila mara unamkuta mtu aliyeruka ngazi.

Harry Thuku alikuwa mtumishi wa simu katika Hazina hapa Nairobi. Mwaka 1921 kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16 na walowezi wanataka kupunguza mishahara. Kulikuwa na njia: mwambie chifu, chifu amwambie DC. Thuku na wenzake wakafanya mkutano, na mwezi Julai wakapeleka simu ya maandishi London moja kwa moja. Machifu wakaudhika kuliko hata Wazungu, maana kama watu wanaweza kuongea na London, chifu ni wa nini? Machi 1922 akakamatwa. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na pale Chuo Kikuu kilipo leo, Mary Muthoni Nyanjiru akawazomea wanaume kwa kusitasita, na risasi zikapigwa. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Thuku akapelekwa Kismayu. Kodi ikashuka hadi shilingi 12. Mwaka 1929 Kenyatta naye akapanda meli kupeleka malalamiko ya ardhi London kwa mkono wake.

Wa tatu ndiye wetu, Mkamba, Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno na wanaharibu udongo. Huenda udongo ulikuwa unaharibika kweli. Watu walikuwa wamebanwa kwenye rizavu, ardhi waliyotengewa Waafrika, na malisho bora yalikuwa mikononi mwa walowezi. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimejengwa Athi River na kinahitaji ng'ombe wa bei ya chini. Amri ikateremka ngazi zote bila kukwama popote: Gavana, PC, DC, chifu, askari kanga zizini. Ng'ombe wakatiwa alama, wa ziada wakachukuliwa na kuuzwa.

Muindi Mbingu na wenzake waliandika, wakaongea, wakaambiwa wafuate utaratibu. Julai wakaacha kuandika. Zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi, kilomita sitini na kitu, wakapiga kambi mjini majuma kadhaa wakisema hawaondoki hadi wamwone Gavana. Wakati huo Gavana alikuwa Brooke-Popham, mwanajeshi wa anga, huyo huyo ambaye miaka michache baadaye alikuwa kamanda wa Waingereza Mashariki ya Mbali Wajapani walipoingia. Jibu lake lilikuwa warudi makwao. Angekuja Machakos kuzungumza nao huko. Angewasikiliza, lakini wakiwa wamesimama mahali pao kwenye ngazi.

Mama yake babu alikuwa miongoni mwa waliotembea. Alibeba kibuyu cha uji na kaniki ya kujifunika. Na babu, wiki ileile, alikuwa akizunguka vilimani na barua za boma zikiwaagiza machifu waorodheshe majina ya watu wasioonekana nyumbani. Alimpelekea chifu wa kwao barua hiyo mwenyewe. Hakutuambia kama jina la mama yake liliandikwa. Nilimwuliza mara moja, nikiwa darasa la sita, akanituma nikafunge mbuzi.

Gavana alikwenda Machakos, akafanya baraza, na kazi ya babu siku hiyo ilikuwa kupanga viti. Muda mfupi baadaye Mbingu akakamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu bila kesi ya maana. Kisha serikali ikaachana na kuuza ng'ombe kwa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa kawaida yao: aliyeruka ngazi anaadhibiwa, halafu alichoomba kinatolewa kimyakimya kana kwamba kiliteremka chenyewe.

Nikienda mjini kununua wino napita makusudi kwenye barabara zile. Zamani majina yake yalikuwa orodha ya wakubwa wa koloni, wote mfululizo. Hardinge sasa ni Kimathi. Sadler ni Koinange. Eliot ni Wabera, yule Daudi Dabasso Wabera aliyekuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kukalia kiti cha DC, aliyeuawa kaskazini Juni 1963, miezi sita kabla ya uhuru. Na Stewart ndiyo Muindi Mbingu. Inapita Jeevanjee na City Market, na wauza maua na wauza samaki wanaita jina lake siku nzima wakielekeza wateja. Mwisho wa Kenyatta Avenue bado lipo lile jengo la mawe la 1913, lililokuwa afisi ya mambo ya wenyeji kisha ya PC. Watu waliandikisha humo vizazi, ndoa na vifo. Sasa ni nyumba ya maonyesho ya sanaa. Nililipa kiingilio siku moja nikazunguka vyumba vyote nikitafuta mahali tarishi angesimama kungoja. Nadhani ni kibarazani.

Majina yalibadilika upesi kuliko ngazi. Uhuru ulikuja na katiba ya majimbo, lakini haukupita muda PC na DC wakarudi na nguvu zao, safari hii wakiripoti kwa Rais. Katiba ya 2010 ikawavua majina: leo tuna Kamishna wa Kaunti, naibu wake, msaidizi, kisha chifu na naibu wa chifu, na mzee wa nyumba kumi chini yao. Ukiwapanga kwenye karatasi, ni ile chati ya babu yenye wino mpya. Sisemi hawana kazi. Chifu wa mtaa wetu amewahi kunisaidia kupata jina la mtoto kwenye orodha ya basari, na usiku mmoja alituliza vita vya wapangaji peke yake, bila askari. Lakini siku zote ni yeye anayeulizwa kama mimi ni mimi.

Wiki mbili kabla ya yule mwalimu, alikuja mama anayeuza mboga na githeri huku nyuma. Mtaro wa maji taka umepasuka mbele ya kibanda chake tangu Pasaka. Akataka barua kwenda kwa mkubwa wa afisi moja hapa mjini ambayo siitaji. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika KUPITIA KWA CHIFU kabla hajamaliza kunieleza. Akainama kwenye skrini.

"Hiyo nini? Chifu ndiye aliyepasua mtaro?"

"Hapana, mama."

"Basi futa."

Nikafuta. Jumatatu iliyofuata akarudi na barua ileile, imekunjwa mara nne, na juu yake kwa kalamu nyekundu mtu ameandika ipitie kwa chifu. Hapakuwa na sahihi. Nikafungua faili, nikarudisha mstari, nikamwambia hii ya pili sitamlipisha. Akatazama karatasi ikitoka kwenye mashine, ile isiyo mgonjwa.

"Na ile ya kwanza bado unayo humo?" akauliza.

"Ninayo."

"Nipe zote mbili. Hii mpeleke chifu kijana wangu. Ile nyingine nitaipeleka mwenyewe, nikae pale nje mpaka atoke."

Akauliza afisi hufunguliwa saa ngapi, akanunua na bahasha.